Karavani Isiyo na Injini

Leo nimeshinda mabishano na karani wa ofisi ya kusajili magari, na kwa sababu hiyo mama yangu haendi Mulungwishi.

Tuna karavani kuukuu ya kukokotwa na gari, aliyotuachia marehemu baba. Mama alitaka kuuzia chakula ndani yake, karibu na shule za huko. Kilichobaki ni kuisajili tu.

Ada zote nilikwisha kuzilipa. Karani akazusha nyingine: ukaguzi wa injini.

Nikamweleza, kwa utulivu wa mtu aliyesomea sheria, kwamba karavani haina injini.

"Kila gari iko na motere."

"Basi hii si gari!"

(Ndiyo, nilipaza sauti. Foleni nzima ilinipigia makofi.)

Karani akatabasamu, akafunga faili, akaniita kwa cheo cha mawakili.

"Asante, Maître. Kama haiko gari, iko nyumba. Na nyumba haitembeake mu barabara."

Ada hazirudishwi.

Nimefika nyumbani Kikula, nikamkuta mama amekwisha kupanga masufuria ndani ya karavani.

"Ulibishana na karani?"

"Mama, haki ilikuwa yangu."

"Basi hiyo haki yako ivute karavani," akasema, akaanza kuyatoa masufuria.

Wenzangu mliosoma sheria, nani ana hoja ya kumjibu?