Furukombe na Salamu ya Mama Njoroge

Wewe unayenisikiliza, sogea karibu, na ukitaka kucheka cheka tu, mimi aibu yenyewe nilishaizoea, kwa maana hata leo nikipita Dandora kuna kina mama wanaoniita Marehemu, na mimi huitika.

Ilikuwa Julai, mwanzoni mwa miaka ya themanini, ile baridi ya kuvaa koti hadi jikoni, nami nilikuwa karani mwenye kamera moja ya mtumba na maringo ya kamera kumi. Nilikuwa nimewaambia wenzangu wa kwaya kwamba pale Mto Nairobi, chini ya mashamba ya sukuma wiki, huja furukombe (ni tai, kichwa cheupe kama shela ya bibi harusi, chakula chake samaki), wakacheka hadi chai ikamwagika. Mzee Kioko, kiongozi wetu, akanipiga bega.

"Baba Mwende, huyo ni kunguru amejipaka chokaa. Lete picha Jumapili, au utuache tuimbe."

Sasa elewa shida yangu. Kwenye filamu ilibaki picha moja tu, nyingine zote zilikwisha kwenye ubatizo wa jirani, na furukombe hana shida na watu wanaolima, keshawazoea, ila akiona mtu anamkodolea macho, huyo ameondoka. Kwa hiyo Jumamosi alfajiri nikalala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande, nikajifunika gunia la makaa lenye tundu moja la lenzi, miguu ikabaki nje kwa sababu mimi ni mrefu na gunia ni gunia. Miguu sikuifikiria.

Kulipopambazuka vizuri akaja, akatua kwenye mti mkavu ng'ambo ya mto, kanipa mgongo. Nikangoja ageuke (subira ndiyo nusu ya kazi hii, nusu nyingine ni vidole visivyoganda), na hapo ndipo Mama Njoroge alipofika kuchuma sukuma zake.

"Habari ya asubuhi," akaiambia miguu yangu.

Nikajiambia, nikijibu ndege ataruka, ngoja nitamjibu baada ya dakika moja. Ni hiyo dakika moja tu iliyoniharibia jina.

"Habari ya asubuhi," alirudia, safari hii sauti ikirudi nyuma. Kisha nikasikia mbio, kimya, halafu watu wengi.

"Nimemsalimu mara mbili," alikuwa akieleza. "Mtu aliye hai hasalimiwi mara mbili akanyamaza."

"Hizo soksi nazijua," akasema mwingine. "Moja kahawia, moja kijani. Ni Baba Mwende."

"Maskini. Na vile alipenda salamu."

"Aliimba vibaya, lakini kwa bidii," ikasema sauti ya Mzee Kioko, nzito kabisa. "Nami jana nimemcheka."

Kweli nilitaka kuinuka. Lakini furukombe alikuwa ameanza kugeuza shingo, nao wakaanza kuomba, kisha wakaimba wimbo wa maziko, na ule wimbo (nakiri) ulinigusa sana. Ubeti wa pili ndege akafungua mabawa, akashuka majini, nami nikainuka kwa magoti, gunia kichwani, kamera mbele.

Wimbo ulikatika. Nikageuka kuwaambia wasiogope, na katika kugeuka kidole kikabonyeza.

Picha ilipotoka haikuwa na furukombe hata unyoya. Ilikuwa na Mzee Kioko angani, akiruka matuta mawili ya sukuma kwa mpigo, kofia ikimfuata nyuma, na mbele yake Mama Njoroge, ambaye alikuwa ameshamshinda kwa hatua kumi.

Jumapili nikaingia kwaya mikono mitupu, nimeinamisha kichwa. Lakini Mama Njoroge alikuwa keshawaeleza wote kwamba roho yangu aliiona kwa macho yake ikipaa juu ya mto, kubwa, kichwa cheupe, na samaki kwenye kucha. Kila aliyekuwepo akasema ni kweli, ameiona. Mzee Kioko akanipiga bega.

"Kichwa cheupe," akasema. "Haya, Marehemu. Si kunguru."

Basi nawe ukienda kumpiga picha furukombe, jifunike vizuri, tulia, mngoje ageuke. Lakini mtu akipita akikusalimu, itikia kwanza.