Jamhuri Iliyoanza Kabla ya Mgeni Rasmi

Kuna siku moja ambayo siisahau, mwanangu, na ilikuwa Sikukuu ya Jamhuri kama hii ya kesho, ambayo wewe unasema utalala tu kitandani. Hebu weka simu chini kidogo.

Nilikuwa msichana, kiongozi wa wacheza ngoma wa kijiji chetu karibu na Mutomo. Tulikuwa tumefanya mazoezi mpaka nyayo zikachubuka. Asubuhi tukajipanga uwanjani pamoja na skauti na kwaya za shule. Nyuma ya ofisi ya chifu mbuzi walikuwa wakichomwa, harufu inatufikia, nasi hatujatia kitu mdomoni. Bendera ilikuwa bado iko chini. Mgeni rasmi hajafika, na bila yeye, tukaambiwa, hakuna kinachoanza.

Tukangoja. Jua likapanda. Wazazi wakaanza kunung'unika, maana mvua ilikuwa imenyesha na mashamba yalitaka kupaliliwa. Mimi sikutulia hata kidogo; naenda, narudi, nachungulia barabara, nikisikia mlio nadhani ni gari lake, kumbe ni lori la mchanga. Viti vya wageni vilikuwa vitupu kwenye kivuli cha hema, askari wakivilinda. Kisha mtoto mmoja wa kwaya akaanguka, puu! Nikambeba mpaka kwenye hema hilo, askari akanizuia.

"Hapa ni pa wageni."

Niliwaka. Nikawaambia wenzangu, "Chukueni ngoma, twende nyumbani!"

Hapo Susu Mbinya akanishika mkono. Susu ni nyanya kwa Kikamba, na huyu alikuwa nyanya wa kijiji kizima. Alikuwa ametembea tangu alfajiri ili aone bendera ikipanda.

"Ndinda, unaenda wapi?"

"Nyumbani, Susu. Wenye sherehe hawajafika."

"Wenyewe ni nani?" Akanitazama mpaka nikainamisha macho. "Mimi nilizaliwa nchi hii ikiwa ya wageni. Leo ni yetu, halafu wewe unataka kuiacha kwa mtu ambaye hata hajafika?"

Akatembea polepole hadi kwenye mlingoti, akaanza wimbo wa taifa kwa sauti yake ya kukwaruza. Sasa nani angemnyamazisha? Wimbo huo ukianza, kila mtu husimama wima. Askari wakakakamaa, chifu naye, na uwanja mzima ukaimba. Skauti wakapandisha bendera. Tulipomaliza, Susu akamgeukia chifu.

"Imeanza. Wape watoto kivuli na maji."

Chifu akatazama barabara, akatazama umati. "Waingie," akasema.

Mgeni rasmi alipofika, watoto walikuwa wamejaa viti vya mbele. Alisimama akitafuta pa kukaa, mwishowe akaketi kwenye benchi katikati ya akina mama. Nasi tulicheza! Nadhani sijawahi kucheza hivyo tena. Mwaka uliofuata kikundi chetu hakikualikwa. Tulienda.

Kwa hivyo, mwanangu, usiniambie sherehe ni za wanasiasa. Ukikaa nyumbani kwa hasira, hakuna atakayejua umekasirika. Nenda usimame na wenzako, uimbe, na ukiona mtoto anachomwa na jua mbele ya viti vitupu, sema. Sema kwa heshima, lakini usinyamaze.

Mungu akupe miguu isiyochoka na sauti isiyotetemeka. Na popote utakaposimama katika nchi hii, usijione mgeni.