Mita Isiyosikia Nta

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka ya Singida yalijaa redio hadi barazani, na kila boksi lilijisifu kuliko bwana harusi. Mimi niliishia darasa la tatu. Redio nilijifunza kwa kuzifungua, na zile nilizoziua mwanzoni sizitaji.

Zahanati ya Iguguno ilisikilizia redio yangu. Nasema yangu kwa sababu niliifufua mimi. Ilikuwa ya padri mmoja mwenye leseni ya kuongea hewani na watu wa nchi za mbali, si kwa biashara, kwa kupenda tu. Alipoondoka aliiachia zahanati, na kila siku saa sita mchana daktari wa hospitali kubwa alimwelekeza nesi kupitia hiyo. Spika yake ilipochanika niliiziba kwa nta ya nyuki wa Rungwa.

Ndipo akaja kijana mwenye cheti, redio mpya na mita. Kamati ya zahanati ikaamua: itakayoshinda mbele yetu itabaki, na fundi wake ndiye atashika redio za zahanati zote za kanisa. Kazi yangu ya miaka ikawekwa mezani pamoja na redio.

"Mambo, fundi," kijana akaniambia. Cheti amekipata, shikamoo imemshinda.

Akaigusa nta. "Mzee, umetengeneza redio au mzinga?"

Kamati ikacheka.

Akaingiza mlio mmoja mwembamba kama filimbi, akachomeka mita kwenye nyaya zinazokwenda kwenye spika. Akatueleza kwamba mita inauondoa ule mlio wenyewe, na kinachobaki ni uchafu ambao redio imeuongeza. Redio yake ikatoa sehemu moja katika mia. Yangu, sita.

"Namba haina undugu," akasema.

Sikugombana na namba. Nikamuuliza, "Sauti umefungua kiasi gani?"

"Robo. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Mama nesi, wewe unafungua kiasi gani?"

"Mpaka mwisho, baba. Na mashine ya alizeti hiyo hapo nyuma ya ukuta, kwa robo nitasikia nini?"

Mashine ilikuwa inakamua muda huo huo. Sisi wenyewe tulikuwa tukiongea kwa kupayuka.

"Basi pima anapofungua yeye," nikamwambia.

Akafungua. Mshale wake ukaruka hadi thelathini. Redio yake nzuri ilikuwa haina kifua; mlio ulipokua ikaukata kichwa kama mtama, suke likaenda, bua likabaki. Yangu iliishia kumi na mbili.

"Kijana," nikasema, "na cheti chako kilipimwa kwa robo?"

Kamati ikahamia kwangu kucheka. Kamati ndivyo zilivyo.

Ningeondoka hapo ningekuwa shujaa mpaka leo. Lakini saa sita ikafika, nesi akawasha redio yangu, na daktari akatoka ndani yake akinguruma kama kundi la nyuki. Jua la mchana lilikuwa limeilainisha nta.

"Kila siku ni hivi, baba," nesi akasema, macho chini. "Namwomba arudie mara tatu. Nilikuwa naona haya kukwambia."

Nikautazama mshale. Ulitulia, hauna habari. Mita ilichomekwa kwenye nyaya, kabla ya spika. Hivyo haikuisikia nta yangu kabisa. Na mimi, niliyejisifia masikio Mkalama nzima, nilikuwa nikiijaribu redio hiyo asubuhi, kwenye baridi, nikashangilia namba isiyonihusu.

Kijana alifungua mdomo. Nikamuwahi.

"Lete bisibisi. Spika yako ni nzima, matumbo ya redio yangu ni mazima. Kazi ni moja, kuviunganisha."

Alifungua skrubu, mimi nikalehemu, daktari akisubiri hewani. Aliporudia maelezo, nesi aliandika yote kwa mara moja. Kamati ikasema redio ya padri ibaki, na mimi nibaki na kazi.

Kijana akakusanya vyombo vyake. Mlangoni akageuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," nikamjibu, nikampa ile spika ya nta aende nayo akaipime.