Sketi ya Kitenge Juu ya Barafu

Kabanyana alikuwa na miaka minane hivi alipomwona kwa mara ya kwanza mtu akiteleza juu ya barafu. Ilikuwa Uvira, Kongo, sebuleni kwa wamisionari ambako mama yake alifua nguo. Kwenye televisheni ndogo, msichana alirudi kinyumenyume kwa mguu mmoja, mikono ameitandaza, akaruka, akazunguka hewani, akatua. Kabanyana akamgeukia Sipriani, mpishi wa nyumba ile.

"Ule anatembea juu ya nini?"

"Mayi," Sipriani akasema, akionyesha ndoo ya maji. "Mayi yenye kuganda."

Tangu siku hiyo sakafu ya kanisa, iliyosuguliwa kwa nta nyekundu, haikupumzika. Alivaa soksi za kaka yake akateleza kutoka mlangoni hadi mbele ya mimbari, mpaka mzee wa kanisa alipomtoa kwa kumvuta sikio. Vita vilipowafukuza hadi kambini Burundi, aliacha kuteleza lakini hakuacha kuwaza. Hakumwambia mtu. Ungeanzaje kumweleza mtu jambo kama hilo kwenye foleni ya unga? Gatera tu ndiye aliyekuja kuambiwa, baada ya kumwoa, na hakumcheka.

Walihamishiwa Marekani, wakafika Louisville na binti yao, Ingabire. Kabanyana akapata kazi kiwandani, Jeffersontown, ya kupanga vifuniko vya plastiki kwenye maboksi. Jumamosi moja Gatera alitoka kutafuta matairi, akarudi mikono mitupu, akasimama mlangoni bila kuvua koti.

"Mama Ingabire, ile barafu yako nimeiona. Iko ndani ya nyumba kubwa. Twende."

"Nivunjike mguu?"

"Bon, ukivunjika nitakubeba."

Alianguka siku hiyo hadi suruali ikalowa. Gatera alisimama nyuma ya ukingo, ameshika viatu vya mkewe, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Naye akacheka, palepale alipokaa, akijua kwamba hataacha tena.

Baadaye walihamia Columbus, aliko Rurangwa, kaka yake Gatera, na Gatera akaanza kazi ya kupakia mizigo ghalani. Huko Kabanyana alipata mwalimu. Alijifunza kurudi nyuma, kuzunguka papo hapo, na kuruka mruko mdogo wa nusu mzunguko. Kwa kuwa akina mama wa kanisani walinong'ona juu ya sketi fupi, alijishonea ya kitenge, ndefu hadi magotini. Gatera alisema amefanana na mwavuli uliogeuzwa na upepo. Hakukosa zoezi hata moja; aliketi kwenye benchi na kahawa yake, akipiga makofi pasipostahili.

Mwaka jana, Februari, Gatera alianguka kazini katikati ya rafu, asiamke. Rurangwa ndiye aliyekuja kusema. Kabanyana alikuwa anakata kitunguu. Alimaliza kukikata, akakiweka kwenye sahani, akakifunika.

Msibani watu walimtazama, wakingoja alie. Vestine, mke wa Rurangwa, alimshika mabega, akamwambia, "Lia, dada. Itatoka." Alijaribu. Hapakuwa na kitu cha kutoka. Chakula kilikuwa kama karatasi mdomoni, na nyimbo zilisikika kama zinaimbwa nyumba ya jirani.

Ingabire, ambaye sasa alikuwa muuguzi Buffalo, alikuja kumchukua akaishi naye mtaa wa Black Rock. Viatu vya barafu alivipakia garini mwenyewe, Kabanyana hakuvigusa. Huko Buffalo, majira ya baridi yalipofika, barafu ilikuwa kila mahali, hata mbele ya mlango. Ingabire akamwandikisha kwenye kikundi cha watu wazima, bila kumuuliza.

Alikwenda. Mwili ulikumbuka kila kitu: goti lilijua lini likunjwe, bega lilijua lini ligeuke. Moyo ndio haukuwepo. Aliteleza kama mtu anayeosha vyombo, akarudi nyumbani, akalala, na wiki iliyofuata akaenda tena, kwa sababu gari lilikuwa linamsubiri nje.

Mwezi wa Machi kikundi kilifanya onyesho, naye akapewa nafasi ya kuteleza peke yake. Alivaa sketi ya kitenge. Muziki ulianza, akazunguka, akarudi nyuma, akaruka, akaanguka kwa goti. Uwanja mzima ukashtuka. Aliinuka, akaendelea hadi mwisho, akainamisha kichwa. Watu walipiga makofi kwa nguvu sana.

Garini, Ingabire ndiye aliyelia. Alilia huku ameegemea usukani, akimwita baba yake kwa Kiingereza. Kabanyana alimsugua mgongo.

"Mama, na wewe? Unasikia nini?"

Akafikiri, maana hakutaka kumdanganya.

"Goti linauma."

"Na ingine?"

"Ingine bado."

Goti lilivimba, likapoa. Hakuna aliyemwuliza kama ataendelea, wala yeye hakujiuliza. Siku moja Umurerwa, jirani aliyesali naye kanisani na aliyehudhuria onyesho lile, alimfuata uwanjani, akakodi viatu, akakwama ukingoni akipiga kelele za kumwita Yesu. Kabanyana akamwendea, akamshika mikono yote miwili, akaanza kurudi nyuma taratibu.

"Kunja magoti. Usiangalie chini, niangalie mimi."

"Nitaanguka, mama!"

"Utaanguka, ndiyo," Kabanyana akasema, akazidi kumvuta.