Mwalimu wa Gari Lililozimwa

Ni lini mara ya mwisho ulimwambia mtu wa pampu "jaza tangi"? Sema ukweli. Kama jibu lako ni wiki iliyopita, una bahati, lakini usiondoke. Kaa usome, huenda habari hii inakuhusu kuliko sisi wengine.

Baba yangu mdogo hajajaza tangi tangu mwaka juzi. Ni mwalimu wa udereva. Mtaani wanamwita Mwalimu Klachi, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa dirisha la gari lake limetoa neno hilo kuliko neno lingine lolote: "Klachi! Klachi kwanza, mama! Hiyo ni breki!" Shule yake ni gari moja dogo jeupe lenye pedali mbili za breki, moja ya mwanafunzi na moja upande wake, pamoja na kiwanja cha vumbi nyuma ya ghala la mbao. Nusu ya madereva wa mji huu wamepita mikononi mwake. Gari hilo ndilo lililonisomesha chuo miaka mitatu. Nilirudi na shahada, nikakaa nyumbani bila kazi, nikaona kwa macho yangu jinsi mtu hodari anavyosagwa taratibu bila kelele.

Petroli ilipopanda mara ya kwanza, aliongeza ada kidogo. Wanafunzi walinung'unika, wakalipa. Ilipopanda tena hakuthubutu, kwa kuwa walikwishaanza kupungua. Redioni bwana mmoja mwenye sauti ya mtu aliyeshiba alituomba tuwe wavumilivu, akaeleza kwamba bei hupangwa huko duniani. Kana kwamba sisi wengine tunaishi mwezini.

Nilikuwa nikimsindikiza kwenye foleni ya kituo cha mafuta. Siku hizi huko ndiko utakakoujua mji. Mbele yetu alikuwepo dereva mmoja wa teksi aliyeng'oa tairi la akiba, jeki na hata kiti cha nyuma cha upande mmoja ili gari liwe jepesi.

"Sasa abiria wakiwa wawili?" baba mdogo akamuuliza.

"Mmoja anampakata mwenzake. Wakigombana, wanashuka wote."

"Na mkeo je, unampakia?"

"Yule anatembea, Mwalimu. Nimemwambia daktari kasema ni nzuri kwa moyo. Wa kwake au wangu, sikufafanua."

Foleni nzima ikacheka. Zamu yetu ilipofika, binti wa pampu akauliza, "Nikujazie, Mwalimu?"

"Unijazie nini, binti yangu? Nyunyiza tu, kama manukato."

Walicheka tena. Yeye alikuwa ameikazia macho namba ya pampu, midomo imekauka.

Ndipo akabuni darasa lake. Alimketisha mwanafunzi kwenye usukani, akachomoa ufunguo na kuutia mfukoni, kisha akaanza kufundisha gari likiwa limesimama palepale, injini imezimwa. Klachi, gia ya kwanza, tazama kioo, achia polepole. Mlio wa injini aliutoa yeye mwenyewe kwa mdomo. "Vuuuu! Unaisikia inavyolia? Inakuomba gia ya pili, mpe! Haya, mbele kuna lori limesimama. Breki! Kanyaga!" Mwanafunzi anakanyaga kwa nguvu zake zote, jasho linamtoka, na gari halijasogea hata unyayo. Wapakiaji wa ghala la mbao walipata burudani ya bure.

"Mwalimu, mmefika wapi?"

"Tuko mlimani. Ondokeni njiani tusije tukawagonga!"

Nilimwambia nyumbani. Nilisema kwamba watu wale wanalipia barabara na yeye anawauzia kiti. Nilitumia maneno makubwa: uadilifu, haki ya mteja, usalama wa umma. Alinisikiliza hadi mwisho, akanawa mikono, akasema, "Maneno yako ya chuo ni mazuri sana, mwanangu. Hebu yatie kwenye tangi tuone kama litawaka."

Mama mdogo aliinamia sahani yake asicheke. Mimi nilikasirika siku tatu.

Kisha wanafunzi wawili wakafeli mtihani mmoja baada ya mwingine. Ofisi ya leseni ikaleta barua fupi yenye mhuri: shule ikifelisha mara tatu mfululizo, kibali chake kinafutwa. Kuahirisha mtihani uliokwishapangwa kunahesabiwa kuwa kufeli. Baba mdogo ana miaka hamsini na minane na hakuna kazi nyingine anayoijua. Bila kibali, gari lile ni bati.

Wa tatu alikuwa Mama Pacha.

Mama Pacha ni mpishi wa shule moja ya bweni, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha bweni zima. Dereva wa gari la shule alikuwa ameacha kazi, na mkuu wa shule akamwahidi: ukipata leseni, usukani ni wako, na jikoni tutatafuta mwingine. Alijifunza kwa moyo wote. Wapishi wenzake walisema alikuwa akibadilisha gia kwa mwiko ndani ya sufuria. Kwenye gari lililozimwa alikuwa fundi kweli. Hakukosea kioo wala indiketa, na mikono yake ilizunguka usukani bila kupishana. Lakini katika saa ishirini ambazo sheria inataka mwanafunzi awe ameendesha, injini ilikuwa imewaka saa sita tu, nyingi zake zikiwa za mwanzoni kabisa, kiwanjani, gari likitambaa.

Siku moja kabla ya mtihani, saa tisa alasiri, baba mdogo alitoa dumu la lita tano lililokuwa stoo. Hayo ndiyo yalikuwa mafuta ya mtihani, maana mwanafunzi hufanyia mtihani katika gari la shule yake. Akamimina nusu. "Twende barabarani, Mama Pacha. Dakika kumi tu." Mimi nikapanda nyuma.

Aliondoka vizuri. Nikaanza kuamini. Tulipofika kwenye kona ya soko, mtu mmoja mwenye mkokoteni akajitokeza mbali kabisa mbele yetu, na baba mdogo akasema kwa upole, "Breki." Mama Pacha akakanyaga. Kichwa changu kikagonga kiti cha mbele. Miwani ya baba mdogo iliruka ikatua kwenye dashibodi. Pikipiki iliyokuwa nyuma yetu ikapita ubavuni ikiyumba, na aliyeiendesha akatutukana hadi sauti yake ikapotea.

"Tena," baba mdogo akasema. "Taratibu zaidi."

Mara ya pili ilikuwa vilevile. Mara ya tatu vilevile. Na kila alipokata kona, alizungusha usukani kama anayefungua pipa, gari likarukia upande wa pili wa barabara.

Baba mdogo alimwomba asimame pembeni. Alizima injini. Akaifuta miwani yake kwa shati.

"Si kosa lako," alimwambia hatimaye. "Gari likizimwa, breki inakuwa ngumu kama jiwe na usukani unakuwa mzito. Huo ndio mguu niliokufundisha. Mguu wa gari lililokufa."

"Basi nifundishe mwingine, Mwalimu," akasema Mama Pacha. "Mtihani si kesho saa mbili? Bado kuna leo."

Baba mdogo alitazama kishale cha mafuta.

Nyumbani fomu ilikuwa mezani. Ni karatasi moja tu: jina la mwanafunzi, idadi ya saa alizoendesha barabarani, sahihi ya mwalimu. Kwa miaka kumi na tisa ameijaza mamia ya mara na hajawahi kuandika namba ya uongo. Wanafunzi wale wawili waliofeli walikuwa wamemaliza saa zao za barabarani kabla mambo hayajafika hapa; marudio tu ndiyo waliyafanyia kwenye gari lililozimwa. Mama mdogo alisimama mlangoni akifuta mikono kwenye kanga.

"Andika ishirini tuishi," alisema. "Nani anakuja kuhesabu?"

"Na akigonga mtu?"

"Mkaguzi atakuwa kando yake, si kuna breki yako pale? Atakanyaga."

"Hiyo ni kesho. Na keshokutwa, akiwa na gari la shule limejaa watoto, nani atakanyaga?"

Waligeuka wote wawili wakanitazama. Mimi, mwenye shahada. Mimi niliyewahubiria uadilifu na usalama wa umma. Nilifikiria gari likivutwa na mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilifikiria yule bwana wa redioni, ambaye hakuna fomu anayojaza wala mhuri unaomtisha. Nikasema, "Saini, baba mdogo. Wenye kututia humu hawajawahi kusema ukweli hata siku moja. Kwa nini uanze kuulipia wewe?"

Alinitazama muda mrefu, kama mtu aliyeagiza bidhaa moja akaletewa nyingine. Kisha akavaa miwani yake, akaandika *ishirini*, kwa maneno na kwa tarakimu, akatia sahihi. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Asubuhi nilikwenda naye. Uwanja wa mitihani uko juu kidogo ya barabara kuu, unaweza kuona magari yote yanavyopanda na kushuka. Mkaguzi, kijana wa rika langu mwenye viatu vinavyong'aa, aliipokea fomu, akaitazama kwa nukta moja, akagonga mhuri. Uongo wetu haukumchukua hata muda wa kupiga chafya. Mama Pacha alikuwa amevaa gauni la kanisani. Aliketi kwenye usukani, mkaguzi akakaa mahali pa baba mdogo, wakaondoka.

Kiwanjani hakugusa hata nguzo moja. Kurudi nyuma, kuegesha, kuwasha gari kwenye kilima kidogo, yote aliyafanya. Baba mdogo alikuwa amesimama kando yangu, na niliona mguu wake wa kulia ukikandamiza udongo kila gari lilipokaribia kusimama, hadi kiatu kikachimba shimo dogo. Kisha mkaguzi akaashiria njia ya kutokea, na gari likashuka kuelekea barabara kuu.

Liliingia barabarani. Likaenda labda mita mia mbili. Lori la kokoto likatokea nyuma yake, basi likatokea mbele, na taa za breki za gari jeupe zikawaka ghafla. Likasimama katikati ya barabara. Lori likapiga honi ndefu, likasimama pua ikikaribia kuligusa. Tulisubiri liondoke. Halikuondoka.

Mlango wa dereva ukafunguka. Mama Pacha akashuka, akaufunga taratibu kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa, akaanza kupanda kuja kwetu kwa miguu, gauni amelishika kwa mkono mmoja. Nyuma yake honi zilikuwa zimeungana kuwa kelele moja. Hakugeuka. Alipotufikia alikuwa analia, lakini sauti yake ilikuwa ileile ya kuamsha bweni.

"Nilikuwa naua watu, Mwalimu. Nimewaona usoni. Yule wa basi nimemwona usoni." Akajifuta kwa kiganja. "Nimemwambia mkaguzi sijui kuendesha gari. Ameuliza zile saa ishirini zilikuwa za nini. Nimemwambia akuulize wewe."

Nilimgeukia baba mdogo. Nilidhani ataanguka, au atamfokea, au atanifokea mimi, na hilo ndilo nililostahili. Alikuwa anatazama chini barabarani, shingo ameinyoosha, ametega sikio katikati ya honi zote zile.

"Umelizima?" akauliza.

Mama Pacha hakuelewa. "Nini?"

"Injini, mama! Umezima injini?"

Akatikisa kichwa kukana. Nusu ile ya mwisho ya dumu ilikuwa ikiungua bure barabarani.

Na baba yangu mdogo, ambaye sijawahi kumwona hata akiharakisha hatua, akavua miwani, akanisukumia kifuani, akateremka mbio kuelekea barabarani.