Utelezi Usiobanduka Yombo Vituka

Jumamosi, saa mbili na robo asubuhi. Jua limeshakolea Yombo Vituka, wilayani Temeke, na mvua ya juzi imeacha madimbwi kwenye uwanja wa shule ya awali ya Mwalimu Adelina. Somoe Mwinshehe, au Mama Talha, fundi wa kusafisha matangi mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, yuko ndani ya tangi la maji la lita elfu tano. Anayesimama nje anauona mkono wake tu, uliotoka kwenye mdomo wa tangi, ukiomba sponji.

Mlinzi wa shule, Kasimiri, anaupa mkono huo ndoo ya mchanga.

"Mzee Kasimiri, shikamoo nimekupa, marahaba umeitikia," sauti inavuma kutoka tangini. "Sasa mbona unanitafuta ubaya? Nimesema sponji!"

"Sponji ya kuogeshea vichanga hiyo," anajibu Kasimiri. "Utelezi unataka mchanga na stilwaya, Mama Talha. Kwani kazi hii si nilijifunza kwako?"

Mkono unairudisha ndoo nje, nusu ya mchanga unamwagika kwenye viatu vya mlinzi.

Hii ni mara ya tatu katika miezi miwili Somoe kuitwa kusafisha tangi hilihilo. Kila mara huliacha likimeta, na kila mara, kabla ya wiki mbili kwisha, kuta zake huteleza upya na maji huanza kunuka. Mwezi uliopita watoto kumi na wanne kati ya sabini waliugua kuhara. Hakuna daktari aliyesema kisa ni tangi. Wazazi ndio waliosema.

"Mtaani sasa naitwa fundi wa kurudia," anasema Somoe. "Miaka kumi na moja nafanya kazi hii. Elfu ishirini na tano kwa tangi, nimesomesha watoto watatu. Leo naonekana tapeli. Shule hii ikiniacha, nani mwingine ataniita?"

Kwa hasira hizohizo, wiki mbili zilizopita alikwangua utelezi huo kidogo, akautia kwenye kikopo na kumpelekea Herieth, mpangaji mwenzake anayefanya kazi maabara. Jibu alilopewa lilimkosesha usingizi.

Herieth anaeleza kwamba bakteria anayeelea majini akigusa ukuta hushika kidogo tu, kama anayejaribu. Akiona panafaa, hutoa gundi yake mwenyewe, yenye sukari ndani yake, akajibandika. Wenzake huja juu yake, nao hutoa gundi yao, mpaka ukuta wote unavikwa. Utelezi tunaoushika kwa vidole ndiyo gundi hiyo, pamoja na bakteria wenyewe waliomo.

"Dawa ya maji inaua walio juu," anasema Herieth. "Walio chini inawafikia imeshachoka. Na ukikwaruza plastiki kwa mchanga, umewachimbia mahandaki."

Ndiyo maana Jumatano Somoe aliagiza tangi lisuguliwe kwa sponji, litiwe dawa kali likae nayo hadi kesho yake, lisuuzwe, kisha likauke kabisa. Maji mapya yasiingie kabla ya Jumanne. Aliagiza mara mbili, kwa sauti.

Saa nne kasoro, boza la maji linapiga honi getini.

"Nani kaliita hilo?" Somoe anatoka tangini, amelowa hadi nywele. "Jamani, nyie watu masikio yenu yako wapi?"

"Mimi nimeliita," anasema Mwalimu Adelina akitoka ofisini. "Mama Talha, mgao wa bomba ni Jumatano. Boza hili likiondoka, linarudi Jumanne. Jumatatu nina watoto sabini. Watanawa nini?"

"Mwalimu, panda ngazi. Ingiza mkono, shika pale nilipokuwa sijafika."

Adelina anapanda, anashika, anauchomoa mkono haraka. "Mbona kama nimeshika bamia?"

"Futa hiyo bamia, halafu pitisha ukucha."

Ukucha unakwama. Unakwama tena, na tena. "Nani amelikwaruza hivi?"

"Mimi, Mwalimu," anasema Kasimiri. "Kila Jumapili. Nilitaka ling'ae."

Dereva wa boza, Wilbert, anachungulia dirishani. "Akina mama, namwaga au simwagi? Dizeli inaungua."

Somoe anakaa kwenye ngazi ya chini na kujifuta uso kwa kanga.

"Mie ndiye niliyemfundisha," anasema hatimaye. "Sugua kwa mchanga mpaka mkono uume, nilimwambia hivyohivyo. Wateja wangu wote nimewaambia. Nimemgombeza mzee wa watu asubuhi nzima kwa kosa langu mwenyewe. Mikwaruzo haifutiki, Mwalimu. Mpaka mpate tangi jingine, kila mwezi dawa ikae humu siku nzima. Ukijaza leo, unavijazia vijidudu vilivyojificha kwenye mikwaruzo."

Adelina anaitazama ratiba ya Jumatatu mkononi mwake, kisha anaikunja.

"Geuza gari, kaka."

Wilbert aligeuza boza, akaenda kuuza maji Buza. Mwalimu Adelina aliwaandikia wazazi kwamba Jumatatu kila mtoto aje na chupa ya maji yaliyochemshwa. Kasimiri alizunguka kwa majirani na kurudi na madumu kumi na mawili ya maji ya kunawa. Somoe alimaliza kusugua, akatia dawa, na Jumapili asubuhi akalisuuza tangi na kuliacha wazi likauke, mdomo wake umefunikwa chandarua.

Kisha alikaa na daftari lake la wateja, akaandika majina ya wote aliowafundisha kutumia mchanga. Walifika thelathini na mmoja. Amepanga kumfikia kila mmoja kabla ya Ramadhani, na kumwambia kwa kinywa chake kwamba alikosea. Jumapili mchana alipiga hodi kwa wa kwanza. Aliambiwa asubiri nje, mwenye nyumba yuko nyuma anasugua tangi kwa mchanga.