Siku Niliyoiruka Nira

Nilipokuwa mtoto wa kukimbia bila kuangalia chini, niliiruka nira ya baba yangu, ule mti unaolazwa shingoni mwa maksai. Kwa watu wa mjini hilo si neno. Kwetu, katika mji mdogo wa wakulima upande wa Kongwa, mtoto wa kike kuiruka nira lilikuwa jambo zito. Bibi alisema maksai wanaofungwa nira iliyorukwa hugoma kuvuta, na hugoma siku ile ile unapowahitaji kuliko siku zote.

Baba alikuwa mwenye mkokoteni. Nalisema hilo kwa kujidai, tena sana. Alizeti ya mji mzima ilifika kwenye mashine ya kukamua kwa nguvu za maksai wake wawili, Meneja na Subira. Mahindi, mabati ya kanisa, vitanda vya maharusi, vyote alivisomba yeye. Hakuwahi kuwachapa fimbo. Wenzake walimcheka eti anabembeleza ng'ombe kama mchumba, naye akacheka nao, kisha wakaja hao hao kumwomba awanasulie mikokoteni yao kwenye matope. Kila asubuhi, kabla ya kufunga, aliipapasa nira kwa kiganja upande unaokaa shingoni, toka mwanzo hadi mwisho, bila haraka.

Asubuhi ile nilikuwa namfukuza jogoo. Nira ilikuwa imelala uani, nikaruka, kisigino kikaigonga, ikabingirika mpaka kwenye ua wa miiba. Nikairudisha mahali pake upesi. Nainua macho, bibi huyu hapa mlangoni na ungo wake. Hakunipigia kelele. Alisema tu kwamba leo tutaona, akaendelea kupepeta. Afadhali angenichapa.

Saa sita mchana uchungu wa kuzaa ukamshika mama, kabla ya miezi kutimia, na damu ikawa inamtoka. Kituo cha afya kilikuwa ng'ambo ya korongo, na mvua ya jana yake ilikuwa imeliacha korongo tope tupu, hakuna gari ambalo lingepita. Baba alifunga maksai haraka haraka. Mama akalazwa juu ya magunia, bibi akapanda kumshika kichwa, mimi nikafuata kwa miguu. Hakuna aliyekumbuka kunikataza.

Katikati ya korongo Meneja akasimama. Baba akambembeleza, akamwita kwa jina, akasukuma gurudumu kwa bega. Wapi! Kila Subira alipopiga hatua, Meneja alirudi nyuma akitikisa kichwa. Mama alikuwa ameacha kulia, na kunyamaza kwake ndiko kulikonitisha. Nilijua nimemuua mama yangu kwa sababu ya jogoo. Baba akaichukua fimbo ya bibi ya kutembelea, akainua mkono. Sijawahi kumwona na sura ile, si kabla wala baada.

"Baba, usimpige," nikasema. "Mimi niliiruka nira."

Mkono ukabaki juu. Bibi alijibu kutoka mkokotenini, hata hakugeuka.

"Ulipita juu yake. Sasa pita chini yake, ndivyo mwiko unavyofunguliwa."

Niliingia kwa magoti kwenye tope, kati ya vifua vya wale maksai wawili. Niliogopa, nisidanganye. Lakini huko chini mtoto huona asichokiona mtu mzima. Shingo ya Meneja ilikuwa inachuruzika damu. Mwiba wa mgunga, mrefu kama kidole changu, ulikuwa umejichomeka kwenye ukanda wa nira, na kila alipovuta ulizidi kuzama. Vidole viliteleza, nikaung'oa kwa meno. Nikatokea mbele, nikashika kamba, nikawaambia twende. Wakaenda.

Mama alijifungua salama kabla ya jua kuzama, mtoto wa kiume. Bibi aliutangazia mji mzima kwamba mila imefanya kazi yake, na mpaka anaiaga dunia hakutaka kusikia habari za mwiba. Baba nilimwonyesha. Aliuzungusha kiganjani muda mrefu, kisha akakiri kwamba siku ile peke yake hakuipapasa nira, hofu ilimsahaulisha.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita, "mimi nilifunga vibaya. Aliyevusha ni wewe."

Aliirudia habari hiyo kila siku ya mnada wa ng'ombe, na sehemu ya kosa lake hakuiruka hata mara moja. Hilo ndilo linalonifanya nimwonee fahari kuliko alizeti yote aliyoisomba.

Leo nina karakana jijini, huko Kizota, natengeneza mikokoteni. Wateja kutoka Chemba na Kongwa huingia wakiuliza fundi yuko wapi, nami huwaambia mnaongea naye. Hakuna nira inayotoka kwangu kabla sijaipapasa kwa kiganja, toka mwanzo hadi mwisho. Na nikiikuta imelala sakafuni, naizunguka. Nimeacha kuamua kati ya bibi na baba nani alisema kweli. Ninachojua ni kwamba bila amri ya bibi nisingeingia kule chini.

Mdogo wangu akinitembelea hunicheka. Fundi mzima, anasema, mwenye mashine ya kuchomelea, bado unaogopa kuruka mti! Namwacha acheke mpaka achoke. Katika mizigo yote niliyowahi kuivusha, wa kwanza ni yeye.